Mchuma Janga Hula na wa Kwao? Kisa cha Ndugu Aliyedaiwa Faida ya Duka Lisilo Lake

Kuna kazi moja ambayo vijana wengi wa mjini wameipitia: kazi ya dukani kwa ndugu. Haina usaili, haina mkataba. Kaka anapiga simu anasema njoo unisaidie, kesho yake uko nyuma ya kaunta unahesabu mzigo. Funguo unakaa nazo wewe, wateja wanakuita bosi, mtaani wanajua duka ni lenu. Ila mwisho wa mwezi unasubiri mshahara kama mfanyakazi mwingine yeyote, na faida inaenda kwa mwenye duka.

Raha yote hiyo inaishia siku mambo yakiharibika. Hapo ndipo watu wanaanza kuuliza: wewe ulikuwa mwenye mali au mfanyakazi? Ulikula nini hasa?

Swali hilo liliwahi kufika mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, kwenye kesi ya kula njama ya dawa za kulevya iliyowahusu mtu na ndugu yake. Mmoja alikuwa na duka, mwingine aliajiriwa humo. Mmoja alikula faida, mwingine alikula mshahara. Serikali ikataka wote wawili wailipe ile faida. Majina yao yabaki pembeni, maana cha kujifunza ni yaliyowapata.

Chupa ya kusafishia maji

Mambo yalianzia Tennessee, kusini mwa Marekani, eneo la mji wa Chattanooga. Jamaa mmoja alikuwa na duka la hadwea. Ndugu yake ndiye aliyesimamia mauzo na mzigo wa stoo. Yaani ukiingia pale, anayekuhudumia na anayejua kipi kimeisha na kipi kiagizwe ni yule ndugu.

Kwenye rafu za duka kulikuwa na bidhaa inaitwa Polar Pure. Ni chupa yenye chengachenga za iodini, kazi yake ni kusafisha maji. Wanaoitumia ni watu wa kupanda milima na kulala kambi porini, wale ambao maji yao ni ya mtoni. Iodini yenyewe wala si kitu kigeni kwa mtu yeyote. Ndiyo ile inayotiwa kwenye chumvi tunayosikia ikiitwa chumvi ya madini joto. Chupa moja ya Polar Pure ilitosha kusafisha galoni 500 za maji, karibu lita 1,900. Kwa mtu mwenye begi lake la safari, chupa moja ni ya kukaa nayo muda mrefu mno.

Tatizo ni kwamba iodini hiyo hiyo inatafutwa na wapishi wa methamfetamini, ile wanayoifupisha na kuiita meth. Hapa Bongo mamlaka zina jina lake kwa vitu vya aina hii: kemikali bashirifu. Chenyewe si dawa ya kulevya. Unaweza ukakikuta kwenye rafu halali kabisa, kina lebo na bei. Lakini kikifika kwenye mikono fulani kinageuka malighafi.

Yule ndugu msimamizi akaanza kuona wateja wasioeleweka wanaifuata ile bidhaa. Watu ambao ukiwaangalia hawafanani hata kidogo na wapanda milima. Roho ikamgonga. Akafanya jambo ambalo wauza duka wengi wasingelifanya: akawasiliana na polisi wa Chattanooga akauliza, hivi hizi chenga za iodini zinaweza kutumika kutengenezea meth?

Afisa akamjibu ndiyo, kuna watu wanaitumia kwa kazi hiyo. Akamshauri kwamba kama hana amani nayo, aache kuiuza.

Soma tena huo ushauri. Haukuwa amri. Hakuna aliyekuja kufunga duka wala kuweka alama kwenye rafu. Uamuzi ukabaki kwa wenye kaunta, na wenye kaunta wakaendelea kuuza.

Tena hawakuuza kidogo kidogo. Kuna wakati mteja mmoja aliondoka na chupa mpaka 12 kwa mkupuo. Zipigie hesabu hizo chupa 12: zinasafisha maji zaidi ya lita 22,000. Hayo ni maboza mawili ya lita elfu kumi kumi na bado yanabaki ya kuoga. Ni mpanda mlima gani anakunywa hivyo?

Kwa miaka 3 duka likauza zaidi ya chupa 20,000 na kuingiza mauzo ya kama dola 400,000. Gawanya utaona ni wastani wa chupa 18 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Kwa bidhaa ya kusafishia maji ya mtoni, kwenye duka moja tu.

Novemba 2010 maafisa wa DEA, kikosi cha Marekani cha kupambana na dawa za kulevya, wakatinga dukani na hati ya upekuzi. Wakabeba chupa zote walizozikuta, zaidi ya 300.

Mtu na ndugu yake, kila mmoja na njia yake

Wote wawili wakashtakiwa. Mashtaka yalikuwa ya kuuza iodini huku wakijua, au wakiwa na sababu ya kuamini, kwamba inakwenda kutengenezea methamfetamini. Na shtaka lililobeba mengine lilikuwa la kula njama.

Pembeni ya kifungo, serikali ilikuja na jambo la pili: kutaifisha. Kule kuna sheria ya mwaka 1984 inayosema mtu akitiwa hatiani kwa makosa makubwa ya dawa za kulevya, lazima anyang'anywe mapato aliyoyapata kutokana na uhalifu. Wazo lake linaeleweka hata na mtoto: uhalifu usilipe. Ukitoka jela usikute gari na nyumba vya unga vinakusubiri.

Waendesha mashtaka wakapiga hesabu faida ya zile chupa wakapata dola 269,751 na senti 98. Wakataka kila ndugu adaiwe kiasi hicho.

Hapa ndugu wakaachana njia. Mwenye duka akakiri makosa na kukubali kukabidhi dola 200,000. Yule msimamizi akasema yeye anaenda kupambana mbele ya jopo la raia.

Jopo likasikiliza, likaja na majibu ya mchanganyiko. Kati ya makosa 14, likamwona hana hatia kwa 3. Kwa 11 yaliyobaki, likiwemo la kula njama, likamtia hatiani. Hakimu akampa miezi 60. Miaka 5 kamili.

Inauma ukifikiria ile simu. Alipouliza polisi, alionekana mtu mwenye dhamira. Lakini kuanzia dakika ile afisa alipomjibu, mlango wa kusema "sikujua" ukajifunga. Laiti angekaa kimya angebaki na cha kujitetea, na kwa kuuliza akapoteza hata hicho. Kuna watu wanaona hapo kuna uonevu. Kuna wengine wanasema hapana, mtu akishaambiwa ukweli halafu akaendelea kupokea hela za wateja wale wale, basi dhamira yake iliishia kwenye simu tu. Na kusema kweli, chupa 20,000 ni nyingi sana kuziita bahati mbaya.

Ikabaki ishu ya hela. Toa 200,000 za mwenye duka kwenye ile jumla, zinabaki dola 69,751 na senti 98. Kwa kiwango cha mwaka 2017 hizo ni zaidi ya shilingi milioni 150 za Kitanzania. Serikali ikasema zilizobaki azilipe yule mwajiriwa.

Halafu sikia hili. Serikali yenyewe ilikubali mahakamani kwamba huyu jamaa hakuwa na hisa ya maana kwenye duka, na kwamba hakunufaika binafsi na ile faida. Ilikubali kabisa. Ila ikasema haidhuru, adaiwe tu.

Kausha damu ya kisheria

Mtu unaweza kujiuliza, unamdaije mtu hela ambayo wewe mwenyewe umekiri hakuipata?

Jibu la serikali lilikuwa kwenye ile dhana ya njama. Kwenye sheria za kule, mkishakubaliana kufanya uhalifu, kila mmoja anabeba hata matendo ya mwenzake, mradi yalikuwa ndani ya mpango na yangeweza kutarajiwa. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Serikali ikasema kama mnabeba matendo kwa pamoja, basi na mapato mnayabeba kwa pamoja.

Mtu aliyewahi kukopa kwa kikundi ataelewa haraka. Mko watano, mmesaini pamoja, mmoja akitoroka na hela ya marejesho, afisa mikopo hamtafuti yule aliyetoroka. Anakuja kwa yule anayepatikana, anabeba friji lake. Yeye hajali nani alikula nini. Anajali jumla itimie. Ndivyo deni la pamoja linavyofanya kazi, na ndivyo serikali ilivyotaka sheria ya kutaifisha ifanye kazi.

Tofauti moja: kwenye kikundi angalau ulisaini. Ulijua deni ni shilingi ngapi. Kwenye njama hakuna fomu. Unaweza ukawa mbeba mzigo wa chini kabisa usiyejua bosi anaingiza ngapi, halafu siku ya hukumu ukasomewa jumla ya biashara nzima.

Hakimu wa mahakama ya kwanza alilikataa hilo. Akasema huyu ni mwajiriwa wa mshahara, faida haikumfikia, hivyo hakuna cha kumtaifisha. Hapo rufaa zikaanza kwa pande zote. Jamaa akapinga kutiwa hatiani. Serikali ikapinga kunyimwa zile dola 69,751.

Mahakama ya rufaa ya ukanda wa sita, inayosimamia Tennessee na majimbo jirani, ikatoa hukumu yake mwaka 2016. Jamaa akapoteza kote kote. Hatia ikabaki palepale, na juu yake ile hukumu ya hela ikageuzwa: alipe, kwa sababu walio kwenye njama hudaiwa kwa pamoja, awe alipata au hakupata.

Wala mahakama hiyo haikubuni kitu kipya. Mahakama nyingi za rufaa za Marekani zilikuwa zimeshikilia msimamo huo huo kwa miaka. Ila moja ilikuwa imekataa. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ya Washington ilifuta amri ya kumtaka mtu mmoja wa genge la Gulf la Mexico alipe dola bilioni 15. Ndiyo, bilioni kumi na tano, yaani mapato ya genge zima kubebeshwa kichwa kimoja. Mahakama hiyo ikasema sheria haisemi hivyo, inazungumzia alichopata yeye.

Kwa hiyo nchi ikawa na sheria moja yenye maana mbili. Ukishitakiwa upande huu unadaiwa biashara nzima, ukishitakiwa upande ule unadaiwa ulichokula. Mambo yakifika hapo, Mahakama ya Juu huwa inaingilia. Ikaichukua kesi ya duka la hadwea.

Kesi yote kwenye neno moja: kupata

Mawakili walipanda mbele ya majaji tarehe 29 Machi 2017. Hukumu ikatoka tarehe 5 Juni mwaka huo huo. Iliandikwa na Jaji Sonia Sotomayor, na majaji wote 8 walioshiriki walikuwa upande mmoja. Wa tisa, Neil Gorsuch, alikuwa ndiyo kwanza ameingia kazini mwezi Aprili, kesi imeshasikilizwa, hivyo hakushiriki.

Majaji 8 walikubaliana bila hata mmoja kupinga, na tena kumpa ushindi mtu mwenye hatia ya dawa za kulevya.

Jaji akaeleza kwa mfano ambao mtu yeyote anauelewa. Chukulia kuna mkulima anaongoza mpango wa kulima bangi na kuiuza vyuoni. Anamtafuta mwanafunzi wa chuo amsambazie vifurushi, anamlipa dola 300 kwa mwezi. Mwaka ukiisha mkulima kaingiza dola milioni 3. Mwanafunzi kaingiza dola 3,600. Wakikamatwa, kwa hesabu ya serikali, mwanafunzi anaweza kudaiwa milioni 3 zote.

Piga picha huyo mwanafunzi. Kafanya kosa, ndiyo, na adhabu yake ipo. Lakini anatoka jela akiwa na deni ambalo hata akifanya kazi maisha yake yote na watoto wake wakarithi kazi hiyo, haliishi. Mkulima naye yuko wapi? Huenda keshaficha zake mahali.

Mahakama ikarudi kwenye maneno ya sheria. Sheria inasema kinachotaifishwa ni mali iliyotokana na mapato ambayo mtu huyo aliyapata, moja kwa moja au kwa njia nyingine, kwa sababu ya uhalifu. Wakalishika hilo neno "aliyapata" wakaliuliza maana yake, mpaka kamusi ikafunguliwa. Kupata ni kuwa nacho, kukifikisha mkononi mwako. Huwezi kupata kitu ambacho kiliingia mfuko wa mtu mwingine kikabaki huko.

Serikali ikajitetea na yale maneno ya "kwa njia nyingine". Ikaona yanatosha kuwavuta wote. Jaji akasema hapana. Maneno hayo yapo kwa ajili ya bosi mjanja asiyeshika hela kwa mkono wake. Mkulima anaweza kupokea malipo kwa wateja mwenyewe, au akamwambia yule mwanafunzi ayapokee kisha amletee. Vyovyote vile, mwisho wa siku zimemfikia mkulima, na hizo ni zake za kutaifishwa. Hayageuki kumtupia mwanafunzi hela za mkulima.

Kulikuwa na hofu nyingine ya kweli kabisa: je, mhalifu akiitumia hela yote au akaipeleka kusikojulikana? Sheria ilishalijibu. Inaruhusu serikali ichukue mali nyingine ya mtu huyo yenye thamani ileile, hata kama hiyo nyingine ni safi. Ila inamlenga yule aliyeipata mali ya mwanzo na ambaye kwa kitendo chake ikapotea. Mahakama ikasema kama bunge lingetaka serikali imfuate mtu yeyote kwenye njama, lisingehangaika kuweka utaratibu wote huo.

Ikamalizia kwa huyu wa hadwea. Duka si lake. Faida haikumfikia. Serikali yenyewe imekubali. Basi hakuna cha kumtaifisha. Zile dola 69,751 na senti 98 zikafutika.

Ushindi wenye mipaka

Kwenye mitandao kesi kama hizi zinasimuliwa kwa kichwa cha habari kimoja, "ameshinda", halafu watu wanadhani jamaa alisafishwa. Hakusafishwa. Mahakama ya Juu haikugusa kabisa suala la hatia. Yale makosa 11 yalibaki makosa 11. Miezi 60 ilibaki miezi 60. Alichoshinda ni hela tu, na tena hela ambayo hakuwa nayo tangu mwanzo.

Na kwa mtu wa mshahara, hicho si kidogo. Kifungo kina mwisho, unakata siku moja moja mpaka geti linafunguliwa. Deni la serikali la kiasi hicho halina geti. Linakungoja nje. Ukipata kazi linaipata, ukijenga kibanda linakijua.

Hukumu ile ikawa mlango kwa wengine. Watu waliofungwa kwa kesi za njama, hasa wale wa ngazi za chini, wakaanza kuitaja kwenye rufaa zao: nipimieni nilichokula mimi. Wapo waliofaulu. Mabosi wao walipojaribu njia hiyo hiyo wakagonga ukuta, kwa sababu wao walizishika hela kweli au zilipita chini ya mamlaka yao. Na kwenye kesi za utapeli na wizi, ambako kutaifisha kunaongozwa na sheria nyingine zenye maneno tofauti kidogo, mahakama za rufaa zikagawanyika tena, nyingine zikaufuata mfano huo na nyingine zikaukataa.

Sasa kuna wanaoona mahakama ilimlegezea mtu. Hoja yao si ya kupuuza. Wanasema huyu hakuwa mbeba boksi asiyejua kilichomo ndani. Alijua, kwa sababu aliuliza na akajibiwa. Meth iliyotoka kwenye zile chupa iliharibu vijana wa watu, meno yakang'oka, nyumba zikavunjika. Mshahara wake wenyewe ulitoka kwenye droo ile ile iliyopokea hela za wapishi. Kwa nini asilipe?

Ila ukituliza kichwa unaona vitu viwili vimechanganywa. Adhabu inapima ulichofanya. Kutaifisha kunapima ulichopata. Alichofanya kilipimwa na jopo, akapewa miaka 5. Ukimdai tena faida ya mwenzake, hiyo si kumnyang'anya matunda ya uhalifu, kwa sababu matunda yako kwenye kikapu cha mtu mwingine. Hiyo ni adhabu ya pili iliyovalishwa nguo ya hesabu. Na ubaya wa adhabu ya namna hiyo ni kwamba inamwangukia mnyonge zaidi. Bosi ana wakili mkali, ana pa kuficha, ana cha kujadiliana. Kijana wa dola 300 kwa mwezi ana jina lake tu.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Walikuwa wanaeleza maisha yalivyo: kaka akikosea, mama ndiye anakosa usingizi, wadogo ndio wanatolewa shule, jina la ukoo ndilo linasemwa vibarazani. Hiyo haizuiliki na mahakama yoyote. Lakini wahenga hawakusema serikali ndiyo ipakue janga hilo kwenye sahani za ndugu na kuwapelekea bili. Kwenye mambo ya mali, majaji 8 walisema kila mtu alipe sahani yake.

Kinachobaki kuumiza kwenye kisa hiki hakipo kwenye makaratasi ya mahakama. Ni ule muda kati ya afisa kujibu na mteja anayefuata kuingia dukani. Jamaa sasa anajua. Rafu iko mbele yake, chupa zimepangwa. Duka ni la ndugu yake. Kusema "hizi siuzi tena" ni kumwambia ndugu yako kwamba bidhaa inayoingiza mamia ya maelfu ya dola inatoka kwenye rafu. Ni kuhatarisha ajira, na pengine udugu wenyewe. Nani anaweza kwa wepesi? Kwa mgeni ungeacha kazi ukatafuta nyingine. Kwa ndugu, ukiacha kazi bado mtakutana msibani, mtakutana sikukuu, na kila mtu atataka kujua kulikoni.

Wengi wakifika hapo huchagua kunyamaza. Wanajiambia duka si langu, mimi nauza tu, mwenye mali ndiye anajua. Kwa upande wa hela, Mahakama ya Juu ilikubaliana na utetezi huo. Kwa upande wa jela, hakuna aliyeukubali.

Kwa hiyo kama uko nyuma ya kaunta ya ndugu, au unaendesha bodaboda ya mtu, au unatuma vifurushi vya boss usiyemjua vizuri, na umeshaanza kuhisi mzigo hauko sawa, mshahara mdogo hautakukinga na kifungo. Utapunguza tu kitakachodaiwa baadaye.

Wadau mnasemaje: ungekuwa wewe ndiye umeshapewa lile jibu na polisi, ungemwambiaje kaka yako jioni hiyo wakati mnafunga duka?